Sitini au tisini? Bei ya simu inahitaji kumbukumbu

TOFAUTI kati ya sitini na tisini ni herufi mbili zilizobadilishana nafasi. Simu ikiwa na mikwaruzo, au lori likinguruma jirani, sikio halizitenganishi. Chukua mfano wa wakala wa mahindi aliyeko Chanzuru, wilayani Kilosa, anayepigiwa na tajiri wake wa Dar es Salaam. Tajiri anasema elfu sitini kwa gunia, wakala anasikia elfu tisini. Kwa magunia 100, kosa hilo ni shilingi milioni 3, na huenda likagundulika mzigo ukiwa tayari umefungwa turubai.

Mazao yanayopita stakabadhi ghalani, mfumo uliowekewa sheria mwaka 2005, huandikiwa bei mnadani. Mahindi yanayonunuliwa mlangoni kwa mkulima hayana karatasi hiyo. Simu ndiyo daftari, na daftari hilo hufutika mara tu simu inapokatwa.

Zipo njia za gharama ndogo za kuhifadhi mazungumzo hayo, na za kuyageuza maandishi bila kugusa herufi. Zina faida ya pekee kwa mfanyabiashara asiyeona vizuri, aliyeumia mkono, au ambaye kuandika kunamchukua muda mrefu.

Vifaa

Njia rahisi ni kitufe cha kurekodi kilichomo ndani ya simu yenyewe. Baadhi ya simu janja za bei nafuu huja nacho, na huonekana wakati mazungumzo yakiendelea. Simu za iPhone zilipata uwezo huo Oktoba 2024, katika toleo la 18.1, nazo huwatangazia wote wawili kwamba mazungumzo yanarekodiwa.

Ambaye simu yake haina kitufe hicho ajihadhari kabla ya kulipia programu ya ziada. Kwa miaka kadhaa programu nyingi za aina hiyo zilipitia mlango uliowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, yaani huduma inayoiwezesha simu kumsomea asiyeona kilichoko kwenye kioo. Google ilipiga marufuku matumizi hayo kwa programu za duka lake kuanzia Mei 11, 2022. Programu inayoahidi kurekodi leo inaweza kunasa sauti yako tu, na ya mwenzako isisikike.

Njia isiyotegemea kampuni yoyote ni kutumia simu mbili. Ongea kwa simu ya kitochi ukiwa umefungua spika ya nje, na simu janja irekodi pembeni, umbali wa kiganja kimoja. Zilaze juu ya kitambaa ili mtikisiko wa meza usiingie, mbali na feni na dirisha la barabarani. Asiyetaka majirani wasikie anaweza kutumia kinasa sauti kidogo chenye maiki ya kuvaa sikioni. Huvaliwa kwenye sikio linalowekwa simu, na hunasa pande zote mbili. Kwa njia yoyote, jaribu kwanza na mtu wa nyumbani kabla ya kuitegemea kwenye mzigo.

Ruhusa kwanza

Sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010 na ile ya makosa ya mtandao ya 2015 zinakataza kunasa mawasiliano bila idhini halali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka anayekusanya taarifa za mtu amjulishe kusudi lake. Kwa hiyo sema mapema: “Mzee, shikamoo. Naomba nirekodi ili tusisahau bei, umeridhia?” Akijibu “marahaba, sawa,” jibu hilo nalo limeingia kwenye rekodi. Akikataa, acha.

Wenzetu wa masoko ya mitaji hawana hiari hiyo. Barani Ulaya, tangu Januari 2018, kampuni za uwekezaji zinalazimika kurekodi simu za maagizo ya wateja na kuzitunza kwa miaka 5. Sababu ni ile ile ya Chanzuru: agizo la mdomo lisilo na kumbukumbu huzaa ugomvi.

Sauti haitoshi

Hapa ndipo wengi hujidanganya. Sheria ya Tanzania ya uuzaji wa bidhaa, sura ya 214, inataka mauziano ya kuanzia shilingi 200 yawe na maandishi yaliyosainiwa, au mnunuzi awe amepokea sehemu ya mzigo, au ametoa arubuni au sehemu ya malipo. Rekodi ya sauti inaweza kupokewa mahakamani kama ushahidi wa kielektroniki chini ya sheria ya miamala ya 2015, ila mahakama huangalia ilivyotengenezwa na kutunzwa. Kwa hiyo usiikatekate, na uhifadhi nakala kwenye kifaa kingine.

Sheria hiyo hiyo ya 2015 inatambua maandishi ya kielektroniki. Ndiyo maana baada ya simu inafaa utume ujumbe wa maneno, na arubuni ipite kwa simu ili ujumbe wa muamala ubaki. Rekodi, ujumbe na muamala vikikubaliana, mwenye kugeuka hana pa kutokea.

Kuandika kwa sauti

Ujumbe huo si lazima uuandike kwa vidole. Google iliongeza Kiswahili katika huduma yake ya kuandika kwa sauti mwaka 2017. Fungua mahali pa kuandikia ujumbe, gusa alama ya maiki kwenye kibodi, kisha sema polepole. Maiki ya waya wa masikioni, ikiwa karibu na mdomo, hupunguza makosa kuliko ya simu iliyoko mbali.

Tarakimu ndizo hatari. “Elfu sitini na tano” inaweza kueleweka kuwa 65,000 au 60,005. Taja tarakimu moja moja: sita, tano, sifuri, sifuri, sifuri. Kisha soma kabla ya kutuma. Asiyeona aiamuru simu imsomee, au amkabidhi mtu anayemwamini.

Mambo ya kutaja

Rekodi nzuri ya mazungumzo mabaya haina faida. Kabla ya kukata simu, rudieni kwa sauti mambo sita: majina yenu, zao na ubora wake, idadi, uzito wa kila gunia kwa kilo, bei kwa tarakimu, na siku ya malipo. Kilo zisisahaulike, maana “gunia” la lumbesa na gunia la mizani ni bidhaa mbili tofauti.

Asiyeweza kurekodi simu kabisa anayo njia fupi. Amtumie mwenzake sauti ya WhatsApp yenye mambo hayo sita, na asubiri jibu la “nimekubali” kabla ya kupakia. Hakuna anayenaswa kwa siri, na kila mmoja anabaki na nakala yake.