Senene na Mwenye Mzio wa Kamba

Msimu wa senene ukifika Bukoba, mwezi wa Novemba hivi, husifiwa kwamba wana protini kushinda nyama ya ng'ombe. Sifa hiyo ina ujanja wa mizani. Gramu 100 za senene wakavu zina protini gramu 35 hadi 45, na nyama mbichi ina gramu 20 hivi. Lakini karibu theluthi mbili ya uzito wa senene mbichi ni maji. Mkavu akipimwa na mbichi, lazima ashinde. Tena maabara nyingi hupima naitrojeni kisha huzidisha kwa 6.25 ili kupata protini, na kaitini ya gamba la mdudu nayo ina naitrojeni, kwa hiyo hesabu huvimba.

Punguza utakavyo, bado ni chakula cha maana, chenye chuma na zinki. Mafuta ndiyo usiseme. Mpishi akishanyonyoa mabawa na miguu, huwatia kikaangoni na chumvi na kitunguu bila tone la mafuta, nao hujikaanga wenyewe.

Hofu yangu iko kwa mlaji mmoja tu: yule ambaye kamba au kaa humwasha na kumvimbisha midomo. Senene, kamba, kaa na hata utitiri wa vumbi la godoro ni wa ukoo mmoja, na misuli yao ina protini iitwayo tropomayosini, inayofanana mno. Kinga ya mwili iliyokwisha kumchukia kamba haibagui; inaweza kumshambulia senene mara ya kwanza tu anapoonjwa. Mwaka 2016 watafiti wa Uholanzi waliwalisha funza wa unga watu 15 wenye mzio wa kamba, chini ya uangalizi wa madaktari. Waliopatwa na mzio walikuwa 13.

Kukaanga hakusaidii, maana tropomayosini hustahimili moto. Kusaga nako huongeza hatari, kwa kuwa ndani ya biskuti mdudu haonekani. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya, ulipoanza kuidhinisha wadudu kuwa chakula mwaka 2021, ulidai lebo iwaonye wenye mzio wa kamba, konokono na jamii zao, na utitiri. Pakiti za kufungwa kwa mkono za stendi hazina onyo hilo, kwa hiyo muuzaji aulizwe, hata kama ni unga wa lishe wa mtoto. (Mzio wa sato au sangara ni habari nyingine, protini yake ni tofauti.)

Mtu akila, akaanza kukohoa, sauti ikakwama au kizunguzungu kikamshika, msimpe vidonge vya mzio mkakaa kusubiri. Vidonge hutuliza mwasho, havifungui koo. Dawa yake ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, na mgonjwa alazwe chali, miguu juu. Akihema kwa shida, aachwe akae.