Kuchagua Redio ya Programu kwa Mawimbi Mafupi

Likizo iliyopita, nyumbani Rubondo katika makazi ya Nakivale, babu aliniuliza, "Mjukuu wangu, mbona redio yangu imenyamaza?" Redio haikuwa mbovu, stesheni ndizo zimepungua. Mtambo wa Deutsche Welle wa Kigali, uliofunguliwa mwaka 1965, ulifungwa mwaka 2015. Matangazo ya Sauti ya Amerika nayo yalikatizwa Machi 2025. Nyingi zilizosalia zatoka mbali, na sauti zao hutufikia dhaifu.

Wenzangu watatu nami tukachanga fedha, tukanunua Mbarara kijiti cha kuchomeka katika kompyuta. Kijiti hicho hugeuza mawimbi kuwa tarakimu, na kazi ya kuchagua stesheni hufanywa na programu. Faida yake ni kwamba stesheni zote za jirani huonekana pamoja kwenye kioo, wala huhitaji kupapasa. Lakini chetu kilinasa FM za Mbarara tu! Kosa lilikuwa letu, maana hatukuuliza. Basi, ndugu msomaji, kabla ya kulipa uliza mambo matatu.

Kwanza, chombo chaanzia wapi? Vijiti vingi vya bei nafuu vilitengenezwa kwa televisheni, na huanzia karibu megahezi 24. Stesheni za mawimbi mafupi karibu zote ziko chini ya hapo. Tafuta kinachoshuka huko, kama RTL-SDR Blog V4 iliyotoka mwaka 2023, SDRplay RSP1B, au Airspy HF+ Discovery.

Pili, kina biti ngapi? Biti 8, kama za V4, hutoa ngazi 256 za kupimia nguvu ya sauti. Biti 14, kama za RSP1B, hutoa ngazi 16,384. Stesheni kubwa ikinguruma, chombo cha ngazi chache huzibwa masikio, na sauti dhaifu hupotea.

Tatu, umeme utatoka wapi? Kijiti hula kidogo. Mlaji ni kompyuta. Kwetu twategemea sola, na vifaa vyake vingine hutoa makelele yanayofunika stesheni. Afadhali kuvizima na kusikiliza kwa betri. Viko pia vyombo vyenye kioo chake, kama Malahit, visivyohitaji kompyuta.

Zaidi ya yote, usisahau waya. Mita 10 za waya, zilizotundikwa mtini mbali na mabati na nyaya za sola, husaidia kuliko watu wanavyodhani. Usiku jaribu mita 49 na 31. Mchana mita 19 na 16. Kumbuka kuwa stesheni nyingi hubadili masafa mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba.

Sisi tunachanga upya. Wakati huo, waya tuliokuwa nao tuliufunga kwenye redio ile ile ya babu. Jioni hiyo alisikia Kiswahili, akatuambia tunyamaze.