Mfuniko wa Sufuria

Msafiri atokaye Nairobi kwenda pande za mashariki ya Mlima Kenya hukutana na jina la Makutano mara mbili: kwanza kwenye tambarare kavu za Mwea, pale njia ya Embu inapoachana na njia ya Sagana, na tena, akishapita Embu, Chuka na Nkubu, juu ya mji wa Meru, pale barabara ya Maua inapoagana na barabara ya Nanyuki na baridi ya mlima inapoanza kupenya ndani ya koti. Makutano ya chini ni ya jua na vumbi, na Makutano ya juu ni ya ukungu, kahawa na migomba. Hata hivyo yote mawili yana sura moja isiyompita mtu mwenye macho, nayo ni magunia ya makaa yaliyosimamishwa kando ya njia, yamezibwa midomo kwa matawi na kushonwa kwa kamba, yakimngoja mnunuzi.

Kazi yangu ni elimu ya nishati ya nyumbani, na katika kazi hiyo nimeulizwa mara nyingi, tena na watu wenye nia njema, ni jambo gani aila ya kawaida inaweza kulifanya ili isiwe mzigo kwa nchi inayoilisha. Muulizaji aghalabu hutazamia kuambiwa habari za mitambo ya jua juu ya mapaa au za magari yaendayo kwa umeme, na hustaajabu, pengine hata huona amedharauliwa, nikimjibu kwamba aanze kwa kuutafuta mfuniko wa sufuria yake. Simfanyii mzaha. Nyumba nyingi za Meru na Embu hutumia umeme kidogo mno kwa taa, redio na simu. Penye matumizi makubwa ni jikoni, na hasa chini ya ile sufuria ya mahindi na maharagwe yaliyochanganywa, ambayo wengi huiita githeri na Wameru huiita muthere, chakula kinachoweza kukaa motoni saa tatu au zaidi kabla hakijalainika.

Nilipata kusimama katika jiko moja la kijijini, mwendo mfupi kutoka Makutano ya Meru, alasiri ya siku ya mvua. Sufuria ilikuwa juu ya mafiga, wazi, na mvuke wake ulipanda moja kwa moja hadi kwenye mabati, ukageuka matone, ukadondoka tena sakafuni. Mama mwenye nyumba alitia kikombe cha maji baridi, mchemko ukanyamaza, akasukuma ukuni mwingine ndani. Baada ya muda akatia kikombe cha pili, mchemko ukanyamaza tena, na ukuni mwingine ukaingia. Nilipomuuliza habari za mfuniko alinijibu kwamba ulitoka pamoja na sufuria kwenda kupikia harusi ya jirani, sufuria ikarudi peke yake. Hapakuwa na uvivu wala ujinga katika jiko lile; palikuwa na mfuniko uliopotea, na mzigo wa kuni uliokuwa ukiisha mbele ya macho yetu.

Makutano ya Meru yako juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,500, na kwa kuwa hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, maji hayangoji nyuzi 100 za joto ili yachemke, bali huchemka karibu na nyuzi 95; ndiyo maana maharagwe yale yale huchelewa kuiva huku kuliko Mombasa, na mpishi asiyejua sababu huongeza moto akidhani utayaharakisha. Abadan haiwi hivyo. Katika sufuria ya kawaida, maji yakishachemka hayazidi joto hata ukiyawashia tanuru chini yake. Ziada yote ya moto huishia kuyageuza kuwa mvuke, na kazi hiyo ni ghali kupita mtu anavyodhani, kwa kuwa joto linalotakiwa kuigeuza lita moja ya maji yanayochemka iwe mvuke mtupu ni karibu mara saba ya lile lililotumika kuichemsha lita hiyo tangu ilipokuwa baridi. Basi kila kikombe kinachopaa na kujazwa tena kimelipiwa kuni za vikombe vinane. Mfuniko huuzuia mvuke huo, na mpishi aliyefunika sufuria yake huweza kuvuta kuni nyuma mpaka ubaki moto mdogo wa kuyafanya maji yatikisike tu, na chakula kikaiva kwa saa zile zile ambazo kingeiva juu ya moto mkubwa.

Kuloweka maharagwe usiku kucha ni tadbiri nyingine isiyogharimu hata senti, maana kazi ya kuingiza maji ndani ya punje, ambayo moto ungelazimika kuisaidia kwa saa nzima, hufanywa na giza bila malipo. Maharagwe mapya hushinda ya zamani katika jambo hili; yaliyokaa ghalani muda mrefu penye joto na unyevu huwa magumu kwa sababu ya mabadiliko yanayotokea ndani ya punje, na hakuna moto unaoweza kuyarudisha yalivyokuwa.

Kisha kuna kikapu. Chukua kikapu kipana au sanduku, tandika ndani blanketi kuukuu au matambara mengi yaliyoshindiliwa, acha nafasi ya sufuria katikati, na ushone mto mnene wa kufunikia juu. Githeri ikishachemka vya kutosha huondolewa motoni ikiwa imefunikwa, ikatumbukizwa katika kiota hicho, na joto lililomo ndani yake likaendelea kuipika wakati mwenye nyumba yuko shambani na moto umezimwa. Hapa naomba nisikilizwe kwa makini: maharagwe, na hasa yale mekundu, yana sumu yake ya asili ambayo joto la wastani haliiondoi, kwa hiyo ni lazima yalowekwe, maji ya kulowekea yamwagwe, nayo yachemke kwa nguvu si chini ya dakika kumi kabla ya kuingia kikapuni, na kwa mpishi wa huku kwenye baridi ya mlima rai yangu ni nusu saa nzima. Sufuria iwe imejaa, kwa kuwa chakula kidogo hupoa upesi, na kabla ya kupakua kirudishwe motoni kichemke tena.

Nikirudi kwenye magunia yale ya kando ya njia, makaa yanayowaka katika vyumba vya kupanga vya miji yetu ya juu aghalabu yamepanda kutoka nchi kavu za chini, kama Mbeere na Tharaka, ambako mgunga hukua polepole na huanguka kwa asubuhi moja. Mchomaji hupanga magogo, huyafukia kwa majani na udongo, na kuyaacha yaungue kwa hewa haba siku kadhaa. Na katika tanuri kama hilo, kila kilo 100 za mti mkavu hutoa makaa ya kilo 10 hadi 20 tu. Hata tukihesabu kwamba kilo ya makaa ina joto jingi kuliko kilo ya kuni, bado zaidi ya nusu ya nguvu iliyokuwamo katika mti ule imepotea porini kabla gunia halijafungwa. Ardhi iliyobaki tupu huoshwa na mvua, udongo ukashuka na vijito hadi mto Tana, ukatuama katika mabwawa yale yale yanayotupa umeme, ambayo kubwa lake, Masinga, lilikamilika mwaka 1981. Mtu aliyeko Makutano anayenung'unikia taa inayozimika hana desturi ya kulitazama jiko lake kwa jicho la shaka, lakini uhusiano upo.

Sisemi kwamba mkaazi wa chumba kimoja mjini aache makaa kesho. Nasema ayatumie katika jiko lenye kikombe cha udongo ndani, lile lenye kiuno chembamba lililobuniwa nchini Kenya katika miaka ya mwanzo ya 1980 kwa kufuata mfano wa jiko la Thailand, ambalo humpunguzia makaa kwa theluthi au zaidi akilinganisha na jiko la bati tupu. Na kikombe kikipasuka akibadilishe, asingoje mwaka. Na asiwashe makaa kwa chupa ya plastiki wala kwa mfuko wa nailoni. Mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, lakini vipande vyake bado naviona vikitumika kama viberiti, na moshi wake una sumu inayoingia kwanza katika kifua cha yule anayepuliza. Gunzi la mahindi lililokauka huwasha vizuri zaidi, na katika nchi hii ya makadamia, maganda ya kokwa zake huwaka kwa joto kali sana. Ni israfu kuyatupa.

Kwa mwenye shamba, hata kama ni la robo eka, Mungu amemwekea neema mlangoni. Mgrevilea, ambao watu wa Meru na Embu huuita mukima, ulitoka mashariki ya Australia ukaletwa kuwa kivuli cha chai na kahawa, na wakulima wa huku wameufanya wao kwa ustadi ambao sijauona mahali pengine: hupandwa mipakani, na baada ya miaka michache mtu hupanda na panga lake akaukata matawi yote toka chini hadi juu, akabakiza shungi dogo kileleni. Mti haufi, huchipua upya, na baada ya muda matawi mengine huwa tayari. Huo ni msitu unaovunwa bila kuangushwa. Walakini tawi bichi linaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na moto huyachemsha maji hayo kwanza kabla ya kuigusa sufuria yako, kwa hiyo kuni za mukima zipasuliwe na zikae chini ya paa miezi kadhaa. Aila yenye kuni za msimu ujao zilizopangwa ukutani ina utajiri.

Ukuni mkavu hutoa pia moshi kidogo, na moshi si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linakisia kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 ulimwenguni katika mwaka 2020, wakiwamo watoto wengi wa chini ya miaka mitano. Dirisha moja lililotobolewa juu ya mafiga, upande upepo unakoelekea, ni kazi ya nusu siku.

Mwenye ng'ombe wawili wa zizini anaweza kupata gesi ya samadi ya kutosha kupikia, na masalio yake yakawa mbolea bora ya migomba. Gharama ya kujenga mtambo ndiyo inayowazuia wengi, na vyama vya maziwa vingefanya insafu kama vingewakopesha wanachama wao kwa kazi hiyo. Maji nayo hayahitaji maneno mengi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, kwa hiyo paa la mita 6 kwa 8 huweza kukinga karibu lita 480 katika mvua ya milimita 10, nasi tuna masika na vuli kila mwaka.

Jambo lililobaki ni la waume. Kuni hubebwa na wake na mabinti, moshi huvutwa na wao, lakini fedha ya kununulia mfuniko, jiko au dirisha aghalabu iko katika mfuko wa baba, naye hula githeri iliyoiva bila kujua imeteketeza kuni ngapi. Bwana, ingia jikoni jioni ya leo uhesabu kuni zinazoingia chini ya sufuria moja. Kesho ukipita sokoni, nunua mfuniko unaoingia sawasawa, uuandike jina la nyumba yako kwa rangi, na ukiazima sufuria kwa harusi, virudi vyote viwili.