Shilingi 165,000 kwa kilomita mbili

Boxer BM 150 ina injini ya sisi 144.8, na Bajaj wanaipa nguvu farasi 12 ikizunguka mara 7,500 kwa dakika. Namba hizo mbili zinatosha kuanza kujibu swali linalorudi kila wiki kwenye vijiwe vya bodaboda: nikifunga filta ya koni na ekzosi ya wazi, pikipiki yangu itapata nini? Wauzaji wa spea wana jibu lao, na wanalitoa kwa sauti kubwa. Hapa tuliweke swali hilo kwenye mizani ya hesabu, maana anayeuliza kwa kawaida ni kijana anayelipa hesabu ya bosi kila jioni, na elfu kumi kwake ni pesa.

Tuanze na hewa. Injini ya mipigo minne huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili ya kranki. Kwenye mizunguko 7,500 inavuta mara 3,750 kwa dakika, na kila mvuto haupiti lita 0.1448. Zidisha: lita 543 kwa dakika, yaani lita 9 kila sekunde, tena hapo tumechukulia kwamba silinda inajaa kabisa kila mara, jambo ambalo haliwezi kutokea kwa injini ya aina hii. Lita 9 kwa sekunde si mkondo mkubwa. Filta safi ya kiwandani, pamoja na boksi lake, inaupitisha bila shida. Hata tukikadiria kwamba filta na boksi vinapunguza kilopaskali 1 ya mgandamizo wa hewa, hewa ya pwani ina kilopaskali 101. Ukiving'oa vyote viwili umerudisha takriban asilimia 1. Juu ya hapo hakuna cha kurudisha, kwa sababu hakikuwa kimezuiwa na filta.

Tena asilimia hiyo moja unaipata ukiwa umevuta mafuta mpaka mwisho. Bodaboda haiendeshwi hivyo. Kwa makadirio yangu, pikipiki yenye dereva na abiria mmoja ikienda kilomita 50 kwa saa kwenye lami tambarare inahitaji kama kilowati 2 kutoka kwenye injini, chini ya robo ya nguvu yake. Kwa mwendo huo kabureta yenyewe imefungwa sehemu kubwa, na ndiyo inayobana hewa. Kutoa filta nyuma ya mlango uliorudishwa nusu hakuongezi chochote.

Ekzosi ina habari ndefu zaidi, na hapa ndipo wengi wanapopotea, mafundi wazuri wakiwemo. Ukiikata ekzosi ya Boxer kwa msumeno wa chuma utakuta vyumba vilivyotengwa kwa mabati, na vibomba vyenye matundu vinavyopeleka moshi chumba hadi chumba. Mtu akiona hivyo anasema, kumbe moshi unazungushwa, ngoja niunyooshee njia. Anatoa vyuma vya ndani, anachomelea, anawasha. Mlio unabadilika palepale na moyo unaridhika.

Lakini bomba la moshi lina kazi nyingine mbali na kutoa moshi. Kila valvu ya kutolea inapofunguka, wimbi la mgandamizo linakimbia ndani ya bomba kwa kasi inayokaribia mita 500 kwa sekunde, kwa kuwa gesi ni ya moto sana. Likifika mahali bomba linapopanuka, sehemu yake inarudi kuelekea kwenye injini kama mvuto. Tuseme mahali hapo ni mita 1 kutoka kwenye valvu: kwenda na kurudi ni mita 2, sawa na milisekunde 4. Kwenye mizunguko 7,500 kranki huzunguka nyuzi 45 kila milisekunde, kwa hiyo wimbi linarudi nyuzi 180 baadaye, karibu na wakati ambapo valvu ya kutolea inajiandaa kufunga na ya kuingizia inaanza kufunguka. Likifika wakati huo linasaidia kufagia moshi uliobaki. Ila kwenye mizunguko 3,500, ambako bodaboda inaishi siku nzima, milisekunde zilezile 4 ni nyuzi 84 tu. Wimbi limefika mapema na msaada wake umepotea. Bomba linalofaa kasi moja halifai nyingine. Watengenezaji walichagua urefu, upana na vyumba vya kuifaa injini katikati ya mizunguko yake, na aliyekata amebadilisha vyote vitatu bila kupima hata kimoja. Ndiyo maana ekzosi nyingi zilizotobolewa zinalia sana lakini zinazubaa pikipiki inapoondoka kwenye taa ikiwa na mzigo.

Tuwe wakarimu. Tuseme umenunua vitu vizuri, fundi anajua kazi, kabureta imerekebishwa, na injini imepata ongezeko la asilimia 5 hadi 8 kwenye kilele chake. Kwa injini ya namna hii bila kugusa kemu, valvu wala mgandamizo wa silinda, hilo ni ongezeko zuri. Ni chini ya farasi mmoja. Sasa tuone barabarani. Ukiongeza kasi mara mbili, nguvu ya kupasua upepo inahitajika mara nane. Kwa hiyo pikipiki iliyokuwa inaishia kilomita 90 kwa saa, ukiipa asilimia 5 zaidi itaishia 91 na nusu hivi. Ukiipa 8 itakaribia 92 na nusu. Kilomita mbili, kwa kukadiria.

Gharama yake? Nitatumia bei za mfano, nawe weka za duka lako: filta ya koni 35,000, ekzosi 90,000, jeti ya kabureta 10,000, ufundi 30,000. Jumla shilingi 165,000. Hiyo ni ya siku ya kwanza tu. Pikipiki inayokula lita 3 kwa siku, kwa bei ya shilingi 3,000 kwa lita, inatumia 9,000 kwa siku. Jeti kubwa na mkono unaopenda kusikia mlio vikiongeza matumizi kwa asilimia 10, hiyo ni 900 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 23,400 kwa mwezi. Katika miezi saba hivi umelipa vile vifaa mara ya pili, bila kushika kifaa kipya mkononi.

Usipoweka jeti mpya, hesabu inakuwa mbaya zaidi. Petroli inaungua kikamilifu kwa uwiano wa hewa 14.7 kwa petroli 1, kwa uzito, na nguvu nyingi zaidi hupatikana karibu na 13 kwa 1. Ukifungua njia ya hewa na ya moshi bila kuongeza petroli, mchanganyiko unakuwa mwepesi, na injini inayopozwa kwa upepo inapata moto zaidi ya ilivyozoea. Plagi inaeleza yote. Iendeshe pikipiki kwa nguvu kidogo, izime ghafla, fungua plagi: ncha yenye rangi ya kahawia hafifu ni salama, nyeusi yenye masizi, petroli imezidi, nyeupe yenye vidoa, hewa imezidi, na valvu ya kutolea ndiyo itakayoungua kwanza. Na jeti si kitu cha kubahatisha. Kwenye kabureta za Keihin namba ya jeti ni kipenyo cha tundu kwa mia za milimita. Kutoka 100 kwenda 105 kunaonekana ni kitu kidogo, lakini eneo la tundu limeongezeka kwa zaidi ya asilimia 10.

Kuna watu wa nyanda za juu watakaoniambia wao walifungua filta na pikipiki ikachangamka kweli. Nawaamini, na sababu yake iko kwenye mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 16 kuliko ya Mombasa. Njombe ni hivyohivyo, na zaidi kidogo. Farasi 12 za pwani zinabaki kama 10 huko, na hakuna ekzosi inayoweza kurudisha mbili zilizopotea. Zaidi ya hapo, kabureta ya kawaida iliyopangwa kwa hewa ya pwani inamwaga petroli iliyozidi kwa karibu asilimia 9 ikipandishwa huko. Injini inakohoa, plagi inajaa masizi. Ukifungua filta, hewa inaongezeka kidogo na mchanganyiko unakaribia mahali pake, hivyo pikipiki inakuwa nyepesi mkononi. Kilichotibiwa ni petroli iliyozidi. Jeti ndogo zaidi, mathalani 95 badala ya 100, ingefanya kazi hiyohiyo kwa shilingi chache, filta ikabaki mahali pake.

Na filta kubaki mahali pake ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Lita 3 za petroli zina uzito wa kilo 2.2, na kuziunguza kunahitaji kama kilo 32 za hewa. Hiyo ni kama mita za ujazo 27, chumba kizima cha kulala, kila siku. Ikiwa kila mita ya ujazo ina miligramu 1 tu ya vumbi, kwa mwaka wa siku 300 ni karibu gramu 8. Anayefuata lori kwenye barabara ya vumbi wakati wa kiangazi anakula zaidi ya hapo. Sponji ya kiwandani yenye oili inakamata sehemu kubwa ya vumbi hilo. Koni ya wavu wa bei rahisi, iliyofungwa wazi chini ya kiti, inapitisha chembe nyembamba, zile hasa zinazosaga ringi na ukuta wa silinda. Moshi wa bluu ukionekana miezi michache baadaye, inayolaumiwa ni oili feki. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi ningeanza kwa kuangalia koni.

Tukirudi kwenye ekzosi, aina ya injini nayo ina uzito. Honda walipotoa CG125 mwaka 1976 walirudi kwenye kemu ya chini na vijiti vya kusukuma valvu, ilhali tayari walikuwa na injini zenye kemu ya juu zinazozunguka kwa kasi zaidi. Walitaka injini inayovumilia matunzo hafifu. Pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa kwetu zina injini za ukoo huo. Kuifunga injini ya vijiti bomba linalofanya kazi vizuri kwenye mizunguko ya juu sana ni kuinunulia kitu isichoweza kukifikia. Wanaoshiriki mashindano huanza ndani, kwa kichwa cha silinda, kemu na pistoni. Filta na ekzosi hufuata baadaye, zikipangwa kulingana na kazi iliyofanyika huko.

Kelele nayo ina hesabu yake. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza mtu asipokee zaidi ya desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda huo nusu. Desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, 97 ni nusu saa. Ekzosi iliyotolewa vyuma vya ndani ikikufikishia 97 masikioni, muda wako salama umekwisha kabla hujamaliza abiria wa tatu wa asubuhi, na siku ya bodaboda ina saa 12. Uziwi wa namna hii haurudi nyuma. Kenya ina kanuni za kelele tangu 2009 na Tanzania tangu 2015, lakini hata kama trafiki hakuoni, sikio linahesabu. Mtoto aliyelala kwenye nyumba za uchochoro unaopita saa sita usiku naye anahesabiwa.

Sasa ile 165,000 ingefanya nini kwingine? Kama shida yako ni mlima, angalia sproketi. Pikipiki yenye sproketi ya mbele ya meno 14 ukiiwekea ya meno 13, msukumo kwenye tairi unaongezeka kwa asilimia 7.7 katika kila gia, kuanzia unapoondoka. Ni sawa na ile ekzosi nzuri tuliyoikarimu, ila hii unaipata pale unapoihitaji. Hasara yake ni kwamba injini itazunguka zaidi kwa mwendo uleule, kwa hiyo anayekimbia barabara kuu aiache ya 14. Kama unabeba mishikaki, hesabu ni rahisi zaidi: pikipiki, dereva na abiria mmoja ni kama kilo 260; mwongeze abiria wa pili wa kilo 70 na umepanda kwa asilimia 27. Hakuna duka Kariakoo linalouza kifaa cha kufidia hiyo. Kinachobaki kwenye pesa kinunue cheni nzuri, sponji mpya ya filta, plagi halisi, upimaji wa nafasi za valvu, na upepo sahihi wa tairi. Vyote hivyo kwa pamoja vinarudisha nguvu ambayo pikipiki iliyochoka imeshaipoteza, na mara nyingi hiyo ni kubwa kuliko asilimia 5.

Ukiamua kufunga vifaa hata hivyo, pima kwanza. Jaza tangi hadi shingoni, andika kilomita, fanya kazi wiki moja, jaza tena hadi palepale, gawanya kilomita kwa lita. Chagua mlima mmoja unaoupanda kila siku na abiria wa uzito uleule, uuanze kwa kasi ileile, utazame umefika kileleni ukiwa na kasi gani na gia ipi. Rudia vipimo hivyo wiki moja baada ya kufunga. Patana kwanza na muuzaji akupe siku za kurudisha, na usikate ekzosi ya zamani: iviringishe kwenye gunia na uitunze, kwa sababu ya kiwandani ukienda kuitafuta upya utaikuta ghali kuliko hiyo uliyonunua.