Maji ya Uru na Wenyewe

Mgeni anayepanda Uru kutoka Moshi mjini huwa na haraka ya kufika Materuni. Huko maporomoko yanamwaga maji kutoka juu ya mwamba wa volkano, na chini yake pana kidimbwi cha maji baridi ya kukata pumzi. Vijana huruka, hupiga mayowe, hutoka wakitetemeka. Raha ipo, tena kubwa. Lakini njiani wamevuka vijifereji bila hata kuvitupia jicho, na humo ndimo yalimo maisha ya Wauru.

Kila kijifereji ni mfongo. Wachaga waliichimba mifongo tangu kabla ya ukoloni, wakakinga mto huko juu na kuyatembeza maji ubavuni mwa Mlima Kilimanjaro hadi vihambani, yaani mashamba ya migomba ya nyumbani. Kwa desturi mfongo ni wa ukoo uliouchimba, na mzee wake ndiye apangaye zamu. Zamu yako ikifika unabeba jembe, unaziba njia ya jirani kwa mawe, udongo na kipande cha mgomba, kisha unayafuata maji hatua kwa hatua mpaka yaingie kwako. Muda ukiisha, unazibua. Asiyetokea siku ya kusafisha mfongo hutozwa faini, na zamani faini hiyo mara nyingi ilikuwa mbege, pombe ya ndizi.

Mbege yenyewe hutoka kihambani humo: ndizi zilizoiva hupikwa, zikachanganywa na ulezi uliooteshwa, na gamba la msesewe likatia uchungu. Mwenyeji huonja kwanza ndipo akupe kata. Na majirani wakikosana, pengine kwa maji au mpaka, mkosaji hupeleka jani la sale kuomba msamaha, mmea uleule unaopandwa mipakani. Kulikataa ni jambo zito.

Kahawa ililetwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, ikaingia vihambani humo chini ya kivuli cha migomba, na kufikia 1933 wakulima wa mlimani walikuwa na ushirika wao, KNCU.

Maji ya upande huu hushuka na mto Rau hadi mashamba ya mpunga ya Lower Moshi. Mengine ya mlima huu hupenya mawe ya volkano na kuibuka tambarare, kama pale Chemka, wilayani Hai, ambako watu huogelea katikati ya mizizi ya miti huku visamaki vikiwadonoa miguu.

Mbele zaidi, mito ya Kikuletwa na Ruvu inayobeba maji haya hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960. Wavuvi walihamia kutoka mbali, vijiji vikaota ukingoni. Perege huchomolewa nyavuni, huparuliwa magamba, wengine hukaushwa kwa moshi wakasafirishwa sokoni. Kwa hiyo mfongo ukibomoka Uru na maji yakapotea njiani, hasara si ya mkulima wa juu peke yake. Watalii wanaolipa kuyaona maporomoko wangefurahi kujua kwamba sehemu ya fedha yao inakarabati mifongo, na wazee wa mifongo wanastahili kuulizwa ukarabati uanzie wapi.