Kasoro Iliyorudi Mara Mbili Gikondo

Katika chumba kimoja kidogo kilichoko Gikondo, mwendo mfupi kutoka uwanja unaofanyiwa maonyesho ya biashara ya kimataifa ya Rwanda, vijana watatu walikuwa wakiitazama simu moja kwa majonzi. Ulikuwa umesalia usiku mmoja tu kabla ya kuwaonyesha wafanyabiashara programu yao ya hesabu za duka, iliyotungwa kwa Kinyarwanda na Kiswahili. Kwenye kitufe cha kulipa deni palisomeka "Lipwa" badala ya "Lipa". Ndugu msomaji aliyepata kushika daftari la duka atautambua uzito wa herufi hiyo moja: mtu angebonyeza akitaraji kupokea fedha, kumbe anazitoa.

La ajabu ni kwamba kasoro hiyo ilikwisha sahihishwa asubuhi ile ile.

Ili kuelewa yaliyotokea, hatuna budi kuingia jikoni mwa watunzi wa programu. Si kila faili la programu huandikwa na binadamu; mengine huzaliwa na programu nyingine. Vijana hao walikuwa na jedwali moja la maneno. Programu ndogo hulisoma jedwali hilo na kuzaa mafaili mawili: la kwanza lina maneno yenyewe, na la pili hulipa kila neno namba, kwa kufuata mpangilio wa jedwali. Kitufe hakiulizi neno "Lipa". Huuliza neno namba 14.

Katika jedwali, kwa kosa la kunakili, mstari wa 13 na wa 14 yote miwili ilikuwa na "Lipwa". Kijana wa kwanza alipoliona kosa hilo asubuhi, alilisahihisha ndani ya faili lililozaliwa, wala hakuligusa jedwali. Mchana kutwa mambo yalikuwa shwari. Jioni mwenzake akaongeza neno jipya karibu na mwanzo wa jedwali, faili likazaliwa upya, na masahihisho ya asubuhi yakafutika kabisa. Jeshini karani asahihishaye nakala ya amri akaiacha asili ilivyo hujua litakalompata siku asili hiyo itakapopigwa chapa tena.

Basi wakalisahihisha jedwali. Simu ikasema tena, "Lipwa".

Hapo ndipo penye fundisho zito zaidi. Mwezi Aprili mwaka 1976 Stuart Feldman, wa maabara za Bell huko Marekani, alibuni programu iitwayo make. Mwenzake, Steve Johnson, alikuwa amepoteza asubuhi nzima akitafuta kosa ambalo alikwisha liondoa, ila faili lake halikuwa limetafsiriwa upya kuwa lugha ya mashine. (Johnson huyo ndiye mtunzi wa yacc, ambayo kazi yake hasa ni kuandika mafaili ya programu nyingine.) Make hulinganisha saa za mafaili: kama asili ni mpya kuliko zao lake, zao hutengenezwa tena. Lakini make haijui ni faili lipi linategemea lipi ila kwa kuambiwa, na vijana wetu hawakuwa wameiambia kwamba sehemu ya vitufe husoma lile faili la namba.

Neno jipya lilikuwa limesogeza kila kitu hatua moja: "Lipwa" likawa namba 14, na "Lipa" namba 15. Sehemu ya vitufe, ambayo haikutafsiriwa upya, iliendelea kuuliza namba 14. Vitufe vingine navyo vilikuwa vimeteleza vivyo hivyo, ila hakuna aliyekuwa na macho ya kuvitazama.

Rai ya kwanza ilikuwa kufuta mazao yote na kuanza upya. Wakafanya hivyo, na "Lipa" likaonekana. Mimi sikuridhika, kwa kuwa dawa hiyo huondoa maumivu na kuuacha ugonjwa mahali pake. Kompaila ya gcc huweza yenyewe kuorodhesha mafaili iliyoyasoma, na make ikaitumia orodha hiyo safari inayofuata. Tatizo ni safari ya kwanza: faili la namba bado halijazaliwa, wala orodha haipo. Kwa hiyo yapasa make iamriwe kulizalisha kabla ya kutafsiri chochote. Tena, kazi zinapofanywa sambamba, amri moja inayozaa mafaili mawili huweza kutekelezwa mara mbili. GNU make toleo la 4.3, la mwaka 2020, ndilo lililoleta njia ya kutamka kwamba mafaili hayo ni mapacha.

Haya si mageni kwa lugha zetu. Baadhi ya programu za GNU, kama binutils, zina faili la rw.po lenye tafsiri za Kinyarwanda. Hilo huandikwa na binadamu, kisha msgfmt hulizalishia faili jingine la kusomwa na mashine. Anayetaka kusahihisha neno huliendea rw.po.

Saa nne usiku mkubwa wao aliandika ule mstari uliokosekana. Juu ya mafaili yaliyozaliwa akaiagiza programu iandike: "Usihariri hapa; hariri jedwali." Kisha akaongeza neno la bure katika mstari wa 2, akaendesha make bila kufuta kitu, akaichukua simu.

"Lipa," akasoma kwa sauti. Wenzake wakaanza kukagua vitufe vingine, kimoja kimoja.