Vigingi Vinne Katika Udongo wa Kitengela

Kabla ya kuidhinisha uchimbaji wa kisima kirefu Kitengela au Isinya, Mamlaka ya Rasilimali za Maji ya Kenya hudai ripoti ya mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi, na ripoti hiyo mara nyingi hutegemea kipimo cha ukinzani, yaani kiasi ambacho udongo na miamba huzuia mkondo wa umeme. Vigingi vinne vya chuma hukitwa katika mstari mmoja, viwili vya nje vikipitisha mkondo na viwili vya ndani vikipima volteji. Vingetumika viwili pekee, kipimo kingetawaliwa na pale chuma kinapogusana na udongo mkavu, penye ukinzani unaoweza kufika maelfu ya omu, ilhali ardhi yenyewe huenda isifike hata omu moja. Ukavu huo pia hupunguza mkondo unaopita, ndiyo sababu wakati wa kiangazi wapimaji humwagia vigingi vya nje maji ya chumvi.

Mpangilio wa vigingi vinne vyenye nafasi sawa kati yao ulielezwa na Frank Wenner wa Marekani mwaka 1915.

Kitengela, vigingi vikiachana kwa mita 10, na miliampea 100 zikitoa milivolti 50, ukinzani mahususi huwa takriban omu-mita 31. Namba hiyo peke yake haisemi kuna maji. Udongo mweusi wa mfinyanzi, maji ya chumvi na mwamba wa fonolaiti uliopasuka na kulowa huweza kutoa namba zinazokaribiana, kwa hiyo mtaalamu anayepima mara moja na kuondoka, bila kuuliza habari za visima vya jirani, humwingiza mwenye shamba katika hasara kubwa. Karibu na mji wa Kajiado, kwenye miamba mikongwe na marumaru, maji hujificha ndani ya nyufa, na mstari wa vigingi ukikosea kidogo huzipita.

Hata pakipatikana maji, umeme hauonyeshi floraidi, ambayo imezidi miligramu 1.5 kwa lita katika visima vingi vya ukanda huu. Sampuli lazima ipelekwe maabara, kwani kuyachemsha maji huizidisha badala ya kuiondoa.